Jozi ya Nne kwenye Mfuko wa Viatu

Kamba ilikuwa ya kijani.

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Keki kwenye kiti cha nyuma, miguu mitupu, mkono umezama ndani ya mfuko wa viatu, na baadhi yenu mmenitukana kwa kuwaacha pale. Haya, poleni. Alichoshika ni kiatu. Kiatu cha kazi, cha ngozi nyeusi, kina kamba ya kijani iliyopigwa mafundo mawili. Na aliyeitia kamba hiyo ni Mama Keki mwenyewe, juzi tu, jikoni kwake, baada ya ile ya zamani kukatika.

Kiatu kilikuwa cha mdogo wake.

Kwa aliyechelewa kupanda gari hili, nampandisha upesi. Mama Keki anaoka keki na kuwapelekea wateja, na amechoka kuzibeba mapajani. Mumewe, Kinyozi, kamletea habari za SUV jipya, la rangi ya fedha, ambalo bwana mmoja amelikodi kwa mkataba wa miaka mitatu na sasa anatafuta wa kumrithi mkataba huo. Bwana huyo tunamwita Bwana Nadhifu kwa sababu hakuna anayepanda gari lake na viatu. Unavua nje, yeye anavipokea kwa vidole viwili na kuvitia kwenye mfuko wa turubai ulio nyuma ya kiti chake. Gari si langu, anasema, ni la kampuni, na siku ya kulirudisha kila doa litakatwa kwenye amana yangu.

Watu ndani ya gari walikuwa watatu. Viatu mfukoni vilikuwa jozi nne.

Na mdogo wake Mama Keki kazi yake ni kukagua magari ya kampuni hiyo hiyo. Tangu asubuhi simu yake ilikuwa inaita tu, haipokelewi.

Huko mbele wanaume walikuwa wanaongea raha mustarehe.

"Mafuta je?" aliuliza Kinyozi. "Linakunywa?"

"Mjini linakunywa, sikufichi," alijibu Bwana Nadhifu, mikono miwili kwenye usukani. "Barabara kuu halina neno. Kiti hakichoshi mgongo, kiyoyozi kinagandisha, kamera ya nyuma inakuonyesha mpaka sisimizi. Kitu kimoja tu kimenishinda, hiki kioo cha kugusa. Kupandisha sauti ya redio mpaka upitie kurasa tatu."

"Hiyo kasoro ndogo."

"Ndogo kabisa. Matengenezo ni ya kampuni, bima ni ya kampuni. Wewe unatia mafuta, mwezi ukifika unalipa. Usizidishe tu kilomita walizokuwekea, hapo watakukamua."

"Umesikia, mke wangu?"

Mke wake alikuwa anapapasa chini ya mfuko. Akakipata cha pili. Viatu vyote viwili vilikuwemo, na mtu haachi viatu vyote viwili akaenda zake pekupeku. Popote alipokuwa, mdogo wake hakuwa mbali.

Lakini huyu ni mwanamke aliyewahi kuangusha keki mlangoni kwa mteja na kuirembesha upya kwenye ngazi bila mtu kujua. Alijikaza.

"Mwezi mmoja wa gari hili ni keki arobaini," alisema. "Naoka keki arobaini, miaka mitatu ikiisha nawarudishia lao, nabaki nimesimama barabarani. Si bora tununue la mtumba, liwe letu?"

"Mtumba!" Kinyozi aligeuka mzimamzima. "La mtumba litahamia gereji, tutakuwa tunakwenda kulitazama kama mgonjwa. Tumeshaongea haya. Leo tunasaini, basi."

"Haraka ya nini?"

"Mwenzetu anasafiri."

"Nasafiri," alidakia Bwana Nadhifu.

"Sawa. Lakini mimi sisaini kabla ya kuona buti. Nataka nijue kama keki ya ghorofa tatu inasimama bila kuinamishwa."

Bwana Nadhifu alikaza mikono kwenye usukani. "Buti limejaa vitu vyangu."

"Si nilione tu?"

"Inasimama, mke wangu, inasimama!" Kinyozi alicheka kicheko ambacho hakikuwa na mwanzo. "Na mlango wenyewe wa nyuma ni raha. Unabonyeza kitufe kwenye ufunguo, unashuka polepole. Una akili, ukiweka mkono unahisi, unarudi juu. Nimeujaribu mimi mwenyewe."

"Umeujaribu lini? Si wote tumeliona gari leo?"

Kinyozi alikohoa. "Video. Nimeona kwenye video."

Haya, nyie mnaosoma, mtu anajaribu video? Lakini Mama Keki hakupata nafasi ya kulichambua hilo, maana hapo hapo, nyuma ya mgongo wake, kitu kiligonga.

Tu. Tu.

Bwana Nadhifu alikivamia kioo cha kugusa apandishe redio. Ukurasa wa kwanza. Tu, tu, kutoka kwenye buti. Ukurasa wa pili. Tu, tu, tu. Alipofika wa tatu na muziki ukalipuka, Mama Keki alikuwa ameshakipandisha kile kiatu na kukisimamisha katikati ya wanaume wawili, kamba ya kijani inaning'inia.

"Hiki cha nani?"

Bwana Nadhifu alikitazama kiatu, akatazama barabara, akakitazama tena.

"Kirudishe mfukoni," alisema. "Kina tope."

"Nimeuliza cha nani!"

"Kina tope, mama! Unanichafulia!"

"Yuko wapi mdogo wangu?"

Milango yote ilijifunga kwa mlio mmoja. Gari likaacha barabara kuu, likakata kulia, likaingia njia ya kokoto inayopita nyuma ya maghala yaliyofungwa siku nyingi. Mama Keki alimrukia dereva shingoni. Bwana Nadhifu alirusha kiwiko nyuma bila kugeuka, kikamkuta mdomoni. Jino likalegea. Damu ikamjaa kinywa.

"Usimpige mke wangu!" Kinyozi alipiga kelele. Kelele alipiga, lakini mkanda wa kiti hakuufungua.

Kwenye kioo cha ndani, Bwana Nadhifu aliuona mdomo uliovimba na mashavu yaliyojaa. Uso ukamsawijika.

"Meza!" alifoka. "Meza hiyo damu! Usiteme kwenye kiti!"

Viti vilikuwa vya ngozi, rangi ya maziwa. Pembeni bado vilikuwa na nailoni ya kiwandani.

Mama Keki alimtazama kwenye kioo. Akatema, pwaa, katikati ya kiti.

Bwana Nadhifu akalia. Sisemi alifoka, nasema alilia, machozi kabisa.

Kumbe hapo ndipo panapomuuma! Mama Keki hakusubiri kuambiwa mara mbili. Mkobani alikuwa na kisu cha kukatia keki, kirefu, chembamba, cha meno, kwa sababu alitoka kwa mteja moja kwa moja. Alikichomoa kwenye kitambaa chake, akakizamisha kwenye kiti mpaka kwenye mpini, akakivuta kuelekea kwake. Ngozi ikapasuka na sponji ikatoka nje.

"Gari si langu!" Bwana Nadhifu alipasua sauti. "Jamani, gari si langu!"

"Na mdogo wangu si wako! Simamisha!"

"Watakata amana yote!"

"Sasa nachana paa!"

"Usichane paa! Paa halina spea!"

Nimeandika vituko vingi kwenye ukurasa huu, lakini mtu amemfungia binadamu kwenye buti halafu analilia kiti, huyo ndiye wa kwanza kwangu. Kisu kilikuwa kimeshatoboa kitambaa cha paa wakati Bwana Nadhifu alipokanyaga breki kwa miguu miwili.

Mama Keki hakuwa amefunga mkanda. Paji la uso lilikwenda kugonga kiti cha mbele na akaona nyotanyota. Kabla hazijatulia, mlango wake ulifunguliwa na mkono ukamshika nywele.

"Nje," Bwana Nadhifu alimnong'oneza, anahema. "Tutamalizana nje. Humu ndani hapana."

Alimburuta akamshusha kwenye kokoto kwa magoti. Ngozi ya magoti ilibaki hapo. Alimpiga kofi la kwanza, akampiga la pili, akamwinua ili apate nafasi ya la tatu, na hapo Mama Keki akaudaka mkono kwa meno. Aliuma mpaka akasikia mfupa. Bwana Nadhifu alimtingisha na hakuachia. Alimpiga ngumi ya sikio, akaachia.

Sasa walikuwa chini wote wawili, pekupeku, wanagaragara, kokoto zinawachana nyayo na viwiko. Mwanamume alikuwa mzito. Alimkalia kifuani, vidole gumba viwili vikatafuta koo na kuzama.

"Kiti kipya," alikuwa anasema huku anakaba. "Kiti kipya kabisa."

Hewa ilikatika. Mama Keki alisikia mapigo ya moyo wake masikioni. Aliona anga, akaona kona ya ghala, akaona taa ya nyuma ya gari na mlango wa buti, na akajua kwamba akifa hapa, mdogo wake atafia mle ndani kwa kiu bila mtu kumsikia. Mama yao aliwaacha wawili tu duniani. Huyo alimlea mwenyewe, alimfundisha mwenyewe kufunga kamba za viatu.

Kisu kilikuwa bado mkononi.

Alikizamisha pajani mwa Bwana Nadhifu, pale kilipofika, chote.

Mtu yule alinguruma. Mikono ikaachia koo, ikakimbilia paja. Alianguka ubavu, kisu kimesimama mguuni, suruali yake iliyopigwa pasi inalowa mpaka chini. Alijaribu kukichomoa na hakuweza kukishika, mikono ilikuwa inateleza.

"Unanichoma mimi?" alilia. "Mimi? Mimi nilikuwa nimekaa pembeni tu! Muulize mumeo nani alikuwa kwenye usukani Juma..."

Spana ya magurudumu ilishuka kwenye sikio lake.

Kinyozi alikuwa amesimama juu yake, ameishika kwa mikono miwili. Akaishusha tena. Sauti ilikuwa ya kitu kilichojaa kinachovunjika. Bwana Nadhifu alilala kifudifudi, vidole vya miguu vikacheza kidogo kwenye kokoto, vikaacha. Kinyozi akaishusha mara ya tatu, na hiyo haikuwa na kazi yoyote.

"Basi!" Mama Keki alikohoa. "Basi, baba, amekwisha!"

Kinyozi aliitupa spana na kumkumbatia. "Pole, mke wangu. Pole, pole. Amekuumiza wapi? Nionyeshe."

Mama Keki alilia kifuani kwake. Na nawaambia ukweli wake, alimwonea fahari. Miaka yote alimjua kama mwanamume wa maneno, fundi wa kunyoa ndevu na kusimulia habari za watu, kumbe siku ya siku anaweza kusimama. Alimshika uso kwa viganja vyenye damu, akambusu.

"Umeipata wapi spana?" aliuliza.

"Chini ya kiti changu."

"Fungua buti."

"Tuondoke kwanza. Tutoke hapa, tupigie polisi njiani, tutafute..."

"Fungua buti!"

Kinyozi aliinama, akapekua mfuko wa suruali wa marehemu, akatoka na ufunguo. Aliushika kiganjani kwa muda, anautazama. Kisha akabonyeza.

Mlango ulipanda taratibu, bila kelele, vile vile ulivyosifiwa.

Mdogo wake alikuwa amelazwa kwenye nailoni iliyotandikwa kwa unadhifu, amekunjwa magoti, mikono imefungwa kwa mkanda wa mizigo, mdomo umezibwa kwa utepe wa gundi. Miguuni alibaki na soksi. Kisogo kilikuwa kimevimba, damu imekaukia kwenye nywele. Alikuwa anapepesa macho kwa ajili ya mwanga.

Alikuwa hai!

Mama Keki alicheka na kulia kwa pamoja. Alijitupa nusu mwili ndani ya buti, akamng'oa utepe mdomoni, akampiga mabusu ya uso mzima. "Mdogo wangu! Mdogo wangu wee! Nimeviona viatu, unasikia? Nimeviona viatu vyako!"

"Dada," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Maji."

"Utakunywa, utakunywa mpaka utapike. Yule shetani kamalizwa. Shemeji yako kammaliza."

Mdogo wake aliacha kupepesa. Macho yalimtoka, yakatafuta nyuma ya bega la dada yake.

"Bampa la mbele ni jipya," alisema, sasa kwa kunong'ona, haraka haraka. "Nililala chini nikaangalia. Kuna kipande cha gauni kimenasa kwenye chuma. Gauni la mtoto, dada. Gari hili limegonga mtoto."

"Yule..."

"Si yeye. Nilimwambia sipitishi mkataba, naita polisi. Akaapa kwamba hakuwa anaendesha. Jumapili alimpa mtu gari la kujaribu, mtu anayetaka kulichukua. Nikamwambia mpigie simu huyo mtu, aje ajieleze mbele yangu." Alitazama tena nyuma ya bega la dada yake. "Akaja shemeji."

Mama Keki alimwondoa mikono usoni.

"Nilifurahi kumwona, dada. Nilidhani amekuja kunisaidia. Nikampa kisogo, nikainama nimwonyeshe lile gauni."

Jumapili! Jumapili Kinyozi alirudi nyumbani na mkate na soda, akasema kichwa kinamuuma, akalala na nguo. Kesho yake akaanza wimbo wa mkataba, tukodi, tukodi, lazima tulichukue gari hili. Mama Keki alidhani ni mapenzi. Alidhani mume wake amechoka kumwona anabeba keki mapajani.

Nyuma yake kokoto zililia. Zililia kwa viatu. Watu wote siku hiyo walikuwa pekupeku, wazima na marehemu, ila mmoja alikuwa ameshaufikia mfuko na kuvaa vyake.

"Mume wangu," alisema bila kugeuka. "Niambie anaumwa kichwa. Niambie hajui anachosema."

Msukumo ulimkuta kiunoni. Aliangukia ndani, juu ya mdogo wake, goti lake kwenye mbavu za kijana, uso kwenye nailoni. Alipojigeuza, kitufe kilikuwa kimeshalia na mlango ulikuwa unashuka, polepole, unawafunika kivuli.

Mama Keki alitupa mkono juu. Mlango ulimgusa vidole, ukasita, ukarudi juu wenyewe.

Kinyozi alikuwa amesimama pale, ufunguo mkono mmoja, ile spana ameiokota tena mkono wa pili. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, hazifuti.

"Alitokea ghafla, yule mtoto," alisema. "Naapa alitokea ghafla. Na huyu nilimwomba. Nilimpigia magoti anyamaze, akakataa. Nami nina duka, mke wangu. Nina jina."

"Una mke pia," alisema Mama Keki. "Uliniapia mimi pia."

Kinyozi akabonyeza tena. Mlango ukaanza kushuka. Mama Keki akaweka mkono pale pale ukingoni, ule mkono unaokanda unga tangu alfajiri, uliomlisha Kinyozi miaka yote ambayo wateja wake walikuwa wachache. Nyuma yake mdogo wake alikuwa anajinyonga kuutoa mkanda viganjani, anaita dada, dada.

Mlango uligusa, ukasita, ukarudi juu.

"Toa mkono, mke wangu," Kinyozi alisema, kwa ile sauti ya upole anayowaambia wateja wainamishe kichwa.

Mama Keki aliutandaza vizuri zaidi, vidole vyote vitano.

Kinyozi alifumba macho, akainua spana.